Swichi ya feni ya rejeta kwenye Land Rover Series III: tatu nilizotumia na mahali pa kuzifunga

Wakuu, hii ni riviu ya kitu kidogo sana, swichi ya kuwasha feni ya umeme ya rejeta. Gari ni Land Rover Series III, petroli, injini ile ya 2.25 yenye cc 2286, inakaa Dar na inapanda Iringa na Njombe kila mara kuna shughuli za kifamilia, yaani inaishi joto la pwani na inaishi mlimani, ndo maana swichi za aina tatu zimepita kwenye hii gari mpaka nikatulia na moja. Jibu langu nalitoa mapema kwa asiye na muda: chagua kwanza swichi inakaa wapi, namba ya digrii inafuata baadaye. Watu wengi wanaenda dukani wanauliza "una swichi ya digrii ngapi", wanapewa iliyopo, af ndo wanaanza kutafuta pa kuichomeka.

Kwa asiyeijua hii gari, ilitoka kiwandani na feni ya chuma iliyofungwa kwenye puli ya pampu ya maji, inazunguka muda wote injini ikiwaka. Haina swichi, haina waya, haiharibiki. Sasa kwa nini uitoe? Mimi sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Unapanda nyuma ya malori yanayotambaa, gia ya kwanza au ya pili, upepo wa mbele hakuna, na feni ya puli inafuata mzunguko wa injini, ukisimama sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) inapepea tu kivivu wakati ndo injini inaihitaji kuliko wakati wowote. Feni ya umeme yenyewe haijali injini iko mzunguko gani. Ya pili ni maji ya masika, ukivuka korongo feni ya chuma inayachota na kuyamwaga kwenye distribyuta na waya za plagi, gari inazima katikati. Feni ya umeme unaizima kwa kidole kabla hujaingia, unavuka, unaiwasha. Kama wewe gari yako haitoki Mbezi kwenda mbali zaidi ya Posta na rejeta yako ni safi, kiukweli baki na feni ya chuma.

Swichi ya kwanza ni ile ya kapilari, yenye kikopo chenye kitufe cha kuzungusha, mrija mwembamba wa shaba na kidude cha kupima joto mwishoni chenye unene wa kalamu. Kidude unakipitisha chini ya mpira wa juu wa rejeta, kati ya mpira na shingo, kuna raba maalum ya kuziba ile nafasi, unabana na klampu. Sifa yake kubwa ni kwamba hukati kitu, hulehemu kitu, mtu mwenye bisibisi moja anaifunga mchana na jioni anatembea nayo. Na unaweza kurekebisha joto: unawasha gari, unaiacha ipande mpaka geji ikae pale ilipozoea, unazungusha kitufe mpaka feni iwake, af unasogeza mbele kidogo tu ili iwake juu ya hapo.

Ila hiyo raba aisee. Shingo ya rejeta ya miaka ya sabini haiko duara kamili tena, imeshapigwa, imeshalehemiwa, na mrija unaacha kinjia cha maji pembeni yake. Ya kwangu ilikuwa kopi isiyo na jina, ilianza kutoa machozi, nikaipaka silikoni, ikatulia, ikaja kufunguka vizuri kabisa Ruaha Mbuyuni tukiwa bado hata hatujaanza kupanda. Tumefungua boneti, mvuke unatoka, mama mmoja anayeuza vitunguu pale barabarani ananiambia "baba, hilo gari lipumzishe, kuna maji kwenye dumu hapo", na akakataa hela ya maji, basi nikanunua gunia la vitunguu ambalo sikulihitaji. Jambo lingine, kitufe hakina namba za digrii, kina mshale tu, na kinatikisika. Barabara ya vumbi ikishaichezea gari siku nzima, ulipokiweka sio kilipo. Mrija nao usiuache uguse kona ya bati, unasagika taratibu, gesi ya ndani ikitoka swichi imekufa na haitakuambia.

Kuna wanaofunga kile kidude katikati ya mapezi ya rejeta, bila kugusa maji kabisa. Hapo hapavuji, kweli. Lakini hapo unapima pezi linalopulizwa na upepo, sio maji, na feni yenyewe ikishawaka inakipoza kidude kabla ya maji kupoa, inazima, inawaka, inazima. Kama huna namna, kichomeke karibu kabisa na tanki la juu maji yanapoingilia, upande ambao feni haiupigi moja kwa moja. Mimi nisingeifanya.

Swichi ya pili, adapta ya mpira. Ni kipande cha bomba la alumini chenye tundu la uzi pembeni, unakata mpira, unakiweka katikati, klampu mbili, af unafunga ndani yake swichi ya kukaza kwa spana yenye uzi M22 (kipenyo cha milimita 22), ile ile wanayotumia Volkswagen Golf za zamani na magari mengine mengi ya Ulaya. Hili ndo jambo linalonifurahisha, maana swichi ikifa uko mkoani huitafuti spea ya Land Rover, unatafuta swichi ya Golf. Imeandikwa namba mbili ubavuni, mfano 92/87 au 95/84, ya kwanza ni joto la kuwaka, ya pili la kuzima. Msizidharau hizo namba mbili. Zikikaribiana sana feni inawaka na kuzima kila dakika kwenye foleni na hiyo inaua rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa feni) na inaua masikio yako, zikipishana sana feni inachelewa kupumzika. Digrii tano mpaka kumi kwangu ni fresh.

Adapta zinauzwa kwa kipenyo, 32, 34, 36, 38 na kuendelea, kwa hiyo pima mpira wako kwa ndani kabla hujalipia, sio unaambiwa "itaingia tu". Na angalia ile midomo yake kama ina ukingo ulioinuka kidogo mwishoni, ile ya bei chee ni bomba laini tupu, mpira unateleza ukipata presha.

Hapa kuna mtego unaowapiga watu na hata mafundi umeme wazuri. Swichi zenye pini moja zinapata ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) kwenye chuma zilikofungwa. Kwenye rejeta ni sawa, rejeta imeshikana na bodi. Ila adapta iko kati ya mipira miwili, inaning'inia, haigusi bodi popote. Unaunga waya, unachemsha gari, feni kimya, unarudisha swichi dukani unasema mbovu na muuzaji anakubadilishia na hiyo nayo kimya. Swichi haina kosa, haina ethi. Ama unavuta waya kutoka kwenye skrubu ya adapta mpaka kwenye bodi (adapta nzuri zina kitundu cha hiyo skrubu), ama unanunua swichi ya pini mbili, moja unaipeleka ethi moja kwenye rilei, habari imeisha. Mimi nanunua pini mbili tu siku hizi. Na kama umebaki na pini moja usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba kwenye uzi, unaweza kukata ethi kwa mkono wako mwenyewe, weka washa ya shaba.

Sasa tuje kwenye mpira wa juu au wa chini, maana hapa ndo pesa ya watu inapotea.

Mpira wa juu unabeba maji yanayotoka kwenye injini, yakishapita themostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata joto. Themostati yangu ni ya 82. Maana yake gari ikishapata joto lake, maji ya mpira wa juu ni 82 na zaidi muda wote, hata unatembea 80 kwa saa Chalinze na upepo wote wa dunia unaingia kwenye grili. Ukiweka huku swichi ya 85, feni haitazima, umenunua feni ya kuzunguka siku nzima. Huku unataka swichi inayowaka 92 au hapo hapo karibu, yaani kama digrii kumi juu ya themostati. Faida yake ni kwamba unapata habari ya injini mapema.

Mpira wa chini, au tanki la chini, unabeba maji ambayo rejeta imeshayashughulikia. Huku swichi haiulizi "injini ina joto gani", inauliza "rejeta imeshindwa?". Ukiwa barabara kuu upepo unafanya kazi, maji ya chini yamepoa, swichi imelala, feni imelala. Ukiingia foleni ya Ubungo jioni upepo umekata, maji yanashuka bado ya moto, swichi inaamka. Ndo maana magari mengi ya kiwandani yaliyokuja na feni ya umeme yana swichi kwenye tanki la rejeta lenyewe. Ila lazima namba ishuke, kwa gari yenye themostati ya 82 natafuta inayowaka kati ya 82 na 88. Ukichukua ile 95 ukaifunga chini, siku ikiwaka juu kule kwenye hedi (kichwa cha injini) kumeshaungua kitambo.

Kwa nini najali sana feni isizunguke bure? Umeme. Alteneta niliyonayo, inayochaji betri, ni ile Lucas 16ACR, ampea 34, na hizo 34 ni injini ikizunguka vizuri, sailensa haifiki hata karibu. Feni yangu inakula kama ampea 10, taa kubwa mbili nazo zinakaribia hapo hapo, weka waipa za masika, weka moto wa koili. Usiku wa mvua kwenye foleni betri ndo inayolipa. Kwa hiyo feni iwake ikihitajika, na izime kwelikweli.

Swichi ya tatu ndo niliyobaki nayo, na kusema ukweli swichi yenyewe ni ile ile M22 ya pini mbili, kilichobadilika ni mahali. Nilitoa rejeta nikaipeleka kwa fundi rejeta, mzee mmoja wa Gerezani anayefanya kazi hii tangu hizi gari zikiwa mpya. Rejeta ya Series ni ya shaba, matanki ya shaba juu na chini, sio plastiki, kwa hiyo inalehemika. Nilimwambia nataka nati ya uzi M22 kwenye tanki la chini. Akalikwangua tanki mpaka shaba ikang'aa, akaweka alama kwa msumari, akaniuliza "mwanangu, unataka nyuma au pembeni?". Nikamwambia pembeni, upande ule maji yanapotokea kwenda pampu, maana kona ya upande wa pili maji yanalala tu na tope linakaa huko, swichi ingekuwa inapima tope. Akatoboa, akatoa chenga zote na sumaku na maji (shaba haishikwi na sumaku ila chenga za keekee zinashikwa, alinieleza bila mimi kuuliza), akaunga nati kwa lehemu, akaziba midomo yote, akaitumbukiza kwenye pipa na kuipuliza upepo. Hakuna hata povu moja. Akanipiga bei ndogo kuliko adapta ya maana.

Vitu vya kuangalia ukichagua hii: ncha ya swichi inaingia ndani ya tanki, hakikisha haigusi mirija wala ukuta wa pili. Isiwe chini kabisa kama mdomo wa kumwagia maji, tope na kutu vinajifukia hapo. Na isikae mahali ambapo jiwe la barabarani linaipiga, Land Rover iko juu lakini mawe ya Makete hayajui hilo. Tanki la juu nalipinga kwa sababu moja tu: maji yakipungua, swichi inabaki hewani. Inapima mvuke au hewa, inachelewa au haiwaki kabisa, na ndo siku ambayo unaihitaji. Hata adapta ukiifunga kwenye mpira wa juu, elekeza swichi chini au ubavuni, usiielekeze juu kiputo cha hewa kinapokaa.

Themostati nayo msiitoe. Najua mafundi wengi wanaitoa, "huku joto mzee, ya nini hiyo". Ukiitoa, hizi hesabu zote za digrii zinapotea, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta, na unapandisha mlima maji yanakimbia kwenye rejeta bila mpangilio. Ipime tu kwenye sufuria, ikifunguka rudisha.

Nimetaja sufuria, swichi nayo ipimwe kabla ya kufungwa, mpya au kuukuu. Weka maji jikoni, ifunge swichi kwa waya ining'inie ncha ikiwa ndani ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, pini zibaki juu zikavu, unga mita ya umeme ikiwa kwenye sauti, weka kipimajoto pembeni. Utasikia "tik" ndogo na mita inalia. Yangu iliyoandikwa 87 ililia 88, ilizima 82, safi. Lakini wa mikoa ya juu msikilize hapa. Maji ya sufuria Dar yanachemka 100. Iringa mjini, karibu mita 1,550, yanachemka kama 95. Njombe, karibu mita 2,000, ni 93 na kidogo. Kwa hiyo ukiwa Njombe ukapima swichi ya 95 kwenye maji, haitalia hata ukeshe, na sio mbovu. Tumia mafuta ya kupikia, kwa uangalifu, watoto wakiwa mbali.

Na hesabu hiyo hiyo inaingia ndani ya gari. Kinachofanya maji ya rejeta yasichemke kwenye 93 huko Njombe ni mfuniko. Mfuniko mzima wa presha ya paundi 9 au 10 unasogeza kuchemka mpaka kwenye 109 hivi hata kule juu. Mfuniko uliochoka, raba imekakamaa, spring imelegea, unakurudisha kwenye 93, na hapo swichi ya 95 kwenye mpira wa juu ni pambo, maji yanachemka kabla feni haijajua kuna shida. Pwani gari hiyo hiyo na mfuniko huo huo ilikuwa haina neno. Mtu anashangaa "mbona Dar haichemshi", analaumu swichi, anabadilisha swichi. Badilisha mfuniko kwanza, ndo spea rahisi kuliko zote kwenye hii habari.

Waya nitapita haraka. Swichi isibebe feni moja kwa moja hata kama muuzaji anasema inabeba, iwashe rilei, rilei ndo iwashe feni. Pini 30 ya rilei kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 20 iliyokaa karibu na betri, 87 kwenda feni, 86 kwenye umeme wa funguo, 85 kwenda kwenye swichi na swichi kwenda ethi. Wengine 86 wanaichukua moja kwa moja betri ili feni iendelee gari ikizimwa, mimi siipendi, pampu ya maji imeshasimama, feni inapoza maji ya rejeta tu na betri inaisha, asubuhi unasukuma. Halafu kwenye dashibodi weka swichi ya mkono ya nafasi tatu: oto, zima, washa. Zima ni ya kuvuka maji. Washa ni ya siku swichi ya joto ikifa, unaigeuza unafika nyumbani. Na kitaa cha kijani kinachowaka feni ikiwaka, hicho kimenifundisha tabia za gari kuliko geji ya joto, maana najua Kitonga itawaka karibu na kona zile za juu, ikiwaka mapema kabla ya hapo najua kuna kitu.

Zile kontrola za kielektroniki zenye namba nyekundu zinazong'aa sijazifunga kwangu, nimeziona kwa jamaa, zinafanya kazi vizuri zikikaa ndani ya kabini. Kwenye boneti ya gari inayokula vumbi na kuoshwa kwa presha, mimi bado nipo na swichi ya chuma.

Nyota basi: kapilari nyota mbili na nusu, naipa kwa urahisi wake wa kufunga tu. Adapta nyota nne, na kama hutaki kugusa rejeta yako ya asili hii ndo yako, ukiuza gari unarudisha mpira mzima na hakuna atakayejua. Nati ya kulehemu tanki la chini na swichi ya 87 pini mbili, tano.

Wenye Series II za zamani zaidi ambazo ethi yake ni positive, swichi ya joto ya pini mbili haijali, funga tu. Feni ndo inajali. Ukiunga waya zake kama kwenye gari ya kawaida itazunguka kinyume na itapuliza hewa upande usiotakiwa, kwa kelele ile ile kwa hiyo hutajua. Weka karatasi mbele ya grili feni ikiwa imewaka, ikivutwa na kung'ang'ania grili uko sawa, ikisukumwa geuza waya mbili za feni.